Nusu mita, nyuzi 45: sheria ndogo ya kelele za pikipiki inavyotakiwa kupimwa

Sheria ndogo nyingi zinazohusu pikipiki hukataza "kelele za kupindukia" au "kelele zisizo na sababu", basi. Askari anayesimamisha pikipiki kwa maneno hayo anategemea sikio lake. Mwendeshaji atasema ekzosi ndivyo ilivyotoka dukani, askari atasema si kweli, na hakimu atabaki na maneno ya watu wawili. Mara nyingi shauri halifiki hata kwa hakimu. Linamalizwa pembeni mwa barabara, kwa makubaliano yasiyoandikwa kwenye kitabu chochote.

Ninachokitetea hapa ni rahisi kukisema, ingawa utekelezaji wake una kazi. Sheria ya kelele inahitaji namba, na namba hiyo inahitaji utaratibu wa kupima ambao askari wawili tofauti wakiurudia watapata jibu lilelile, na ambao mwenye pikipiki anaweza kujipima nao kabla ya kutoka. Utaratibu wa namna hiyo upo tayari. Kuna wa Amerika ya Kaskazini na kuna wa Ulaya, na kwa miji inayoishi kwa bodaboda tofauti kati ya hiyo miwili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Tuanze na Edmonton, mji mkuu wa jimbo la Alberta nchini Kanada. Mwaka 2010 halmashauri ya jiji hilo iliweka kwenye sheria zake ndogo mipaka miwili kwa desibeli, yaani kizio cha kupimia ukubwa wa sauti: 92 injini ikiwa bila resi, na desibeli 96 injini ikiwa juu ya hapo. Vyote viwili hupimwa sentimita 50 kutoka kwenye mdomo wa ekzosi. Faini iliwekwa kuwa dola 250. Msingi wa upimaji ni kiwango kinachoitwa J2825, kilichotolewa mwaka 2009 na SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari yenye makao Marekani. Kiwango hicho kinapendekeza desibeli 92 bila resi kwa pikipiki zote. Kisha, kwa injini yenye silinda chini ya 3 au zaidi ya 4, kinapendekeza 96 kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, na kwa injini ya silinda 3 au 4, desibeli 100 kwenye mizunguko 5,000.

Jambo zuri walilofanya Edmonton, ambalo miji mingine huliruka, ni kuwapa waendeshaji nafasi ya kupimwa bure bila kuandikiwa faini. Mtu analeta pikipiki, anapimwa, anaondoka na namba yake. Siku moja ya namna hiyo inapunguza ubishi wa miezi kadhaa barabarani, kwa sababu mwendeshaji akishakiona kipimo kinavyowekwa hawezi tena kuamini kwamba askari ameibuni ile namba.

Vifaa si vingi. Kinatakiwa kipima sauti cha daraja la 1 au la 2 kwa kiwango cha IEC 61672, cha shirika la kimataifa la viwango vya vifaa vya umeme, si kile cha bei ya chini kisicho na cheti. Kinatakiwa kalibreta, yaani kifaa kidogo kinachotoa sauti inayojulikana, kwa kawaida desibeli 94 kwenye hezi 1,000, ambacho maikrofoni huchomekwa ndani yake. Kinatakiwa sponji cha kufunika maikrofoni dhidi ya upepo, kipima mizunguko kwa pikipiki zisizo na mshale wa mizunguko kwenye dashibodi, na kamba au kijiti cha sentimita 50 hasa. Hicho kijiti ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kinachookoa kesi nyingi zaidi. Kwa umbali mfupi kama huu, kusogeza maikrofoni kutoka sentimita 50 hadi 40 kunaongeza takriban desibeli 2. Pikipiki iliyo halali kwa 95 inageuka kuwa na kosa kwa 97, na mtu anatozwa faini kwa sababu ya mkono wa askari.

Mahali pa kupimia pawe tambarare, pa lami au saruji, pasiwe na ukuta, gari wala kundi la watu ndani ya mita 3 kutoka kwenye pikipiki na maikrofoni. Ukuta hurudisha sauti na kupandisha kipimo. Kelele ya mazingira, kama magari yanayopita, muziki wa dukani au jenereta, ipimwe kwanza na iwe chini ya kipimo kinachotarajiwa kwa desibeli 10 au zaidi. Ikizidi hapo, inaanza kujichanganya na sauti ya ekzosi. Ndiyo maana ukaguzi wa kando ya barabara kuu saa za msongamano ni kupoteza muda. Mtaa wa pembeni, mita mia mbili kutoka hapo, unafaa zaidi.

Injini iwe imepata moto. Pikipiki ikiwa bado ya baridi na choki imevutwa, resi ya chini hupanda na kipimo cha kwanza kinakuwa cha uongo. Gia iwe nyutro. Mwendeshaji akae juu ya pikipiki akiisimamisha wima, miguu chini, na yeye ndiye avute mafuta. Askari hagusi resi ya pikipiki ya mtu, maana injini ikiharibika hapo ndipo ugomvi mwingine unapozaliwa.

Maikrofoni iwekwe kwenye kimo cha mdomo wa ekzosi, lakini isishuke chini ya sentimita 20 kutoka ardhini, na ielekezwe kwenye mdomo huo kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka kwenye mstari wa moshi unakotokea, upande wa nje. Nyuzi 45 zina sababu. Ukiweka maikrofoni nyuma moja kwa moja, hewa ya moto inaipiga na kifaa kinasoma upepo badala ya sauti, achilia mbali maikrofoni yenyewe kuungua. Pikipiki yenye midomo miwili iliyoachana zaidi ya sentimita 30 ipimwe kila mdomo peke yake na ichukuliwe namba kubwa. Midomo iliyo karibu zaidi ya hapo huhesabiwa kuwa mmoja.

Kalibreta inawekwa kabla ya kipimo cha kwanza na tena baada ya cha mwisho. Watu wengi hufanya ya kwanza na kuisahau ya pili, na hapo wakili mzuri anapata mlango: unajuaje kifaa hakikuhama katikati? Namba za kalibreta, za kabla na za baada, ziandikwe kwenye fomu ileile ya kosa.

Kipimo kirudiwe mara 3. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 41, ambayo ndiyo utaratibu wa Ulaya na nitaifikia baadaye, inataka namba hizo tatu zifuatane na zisitofautiane kwa zaidi ya desibeli 2. Zikitofautiana zaidi, kuna kitu hakijakaa sawa: mwendeshaji anavuta mafuta kwa namna tofauti kila mara, upepo umebadilika, au gasketi ya ekzosi inavuja na kufunga kadiri joto linavyopanda.

Neno kwa askari wenyewe: vaeni vizibo vya masikio. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda huo hugawanywa kwa mbili. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Anayepima pikipiki hamsini kwa siku anazimaliza dakika hizo mapema.

Kuna kitu kimoja kinachowachanganya waendeshaji na mahakimu pia. Pikipiki za Marekani zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1986 huwa na kibandiko cha EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, kinachosema zinatimiza desibeli 80. Mtu anauliza, na ana haki ya kuuliza: kama kiwandani ni 80, iweje sheria ya mji iruhusu 96? Jibu ni umbali na hali ya injini. Ile 80 hupimwa pikipiki ikipita kwa kuongeza mwendo, maikrofoni ikiwa futi 50, yaani mita 15 na kidogo. Ile 96 hupimwa nusu mita, pikipiki imesimama. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti ya kitu kidogo hupungua takriban desibeli 6 mahali pa wazi, kwa hiyo kutoka nusu mita hadi mita 16 zinapotea kama 30. Huwezi kuzigeuza namba hizi moja kuwa nyingine kwa kikokotoo, kwa sababu injini iliyobeba mzigo hunguruma kuliko injini iliyo nyutro. Sheria isiyotaja umbali na hali ya injini kwenye kifungu kilekile chenye namba haina namba.

Sasa, kwa nini nasema miji yetu isiichukue J2825 nzima nzima? Tazama injini. Kiwango kile kilitungwa kukiwa na malalamiko dhidi ya pikipiki kubwa za silinda mbili, zinazonguruma kwa mizunguko ya chini. Kwa pikipiki ya aina hiyo, mizunguko 2,000 ni mwendo wa kweli wa barabarani. Bodaboda ni injini ya silinda moja, cc 100 hadi 150. Bila resi tu inazunguka kama mara 1,400 au 1,500 kwa dakika, na ikiwa na abiria kwenye mlima inafika 6,000 na kuendelea. Kuipima kwenye 2,000 ni kuipima karibu na usingizi wake. Ekzosi iliyotobolewa, inayoamsha mtaa mzima saa tisa za usiku, inaweza kupita kipimo hicho bila tabu, na mwendeshaji akaondoka na karatasi ya serikali inayosema hana kosa.

Kanuni nambari 41 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika Ulaya, haifungi mizunguko kwa idadi ya silinda. Inaangalia mizunguko ambayo injini hiyo hutoa nguvu yake ya juu kabisa. Ikiwa ni zaidi ya 5,000, unapima kwenye nusu yake. Ikiwa ni 5,000 au chini, unapima kwenye robo tatu. Pikipiki ndogo yenye nguvu ya juu kwenye mizunguko 7,500 itapimwa kwenye 3,750, na hapo ekzosi mbovu inajisema yenyewe. Zaidi ya hapo, kanuni hiyo inataka mwendeshaji ashikilie mizunguko hiyo kwa muda mfupi kisha aachie resi ghafla, na namba inayochukuliwa ni ya juu kabisa katika kipindi chote, pamoja na cha kuachia. Ile milio ya kupasuka unayoisikia pikipiki ikiachiwa resi inaingia kwenye hesabu. Kwa pikipiki za mitaani kwetu, hiyo ndiyo sehemu inayoudhi zaidi.

Faida ya pili ya njia ya Ulaya ni kwamba namba ya kila pikipiki inajulikana tangu kiwandani. Imeandikwa kwenye kibao cha pikipiki na kwenye cheti cha usajili, sehemu ya U.1 kwa desibeli na U.2 kwa mizunguko. Askari hahitaji kukumbuka jedwali. Anasoma cheti, anapima kwa mizunguko iliyoandikwa, analinganisha. Akikuta pikipiki iliyosajiliwa kwa 88 inatoa 99, hakuna maelezo ya mwendeshaji yatakayoziba pengo hilo.

Namba hiyo ni ya kugundua ekzosi iliyochezewa, na ikitumiwa kwa kazi nyingine inaleta dhuluma. Tyrol, jimbo la Austria, iliitumia kwa kazi nyingine. Kuanzia Juni 2020, kwenye barabara kadhaa za wilaya ya Reutte, ilipiga marufuku wakati wa msimu wa safari pikipiki zote ambazo namba yao ya U.1 inazidi 95, kwa faini ya euro 220, hata kama pikipiki ni mpya na haijaguswa kitu. Kwa askari ni rahisi mno, maana hapimi, anasoma cheti tu. Lakini kila aina ya pikipiki hupimwa kwa mizunguko yake, na mbili zenye 94 na 97 kwenye vyeti zinaweza kupita barabarani kwa kelele ileile. Wakazi wa mabonde yale walikuwa na shida ya kweli na nawaelewa. Kifaa walichochagua ndicho kisichofaa.

India imechukua njia isiyohitaji maikrofoni kabisa. Kwenye miji kadhaa polisi hukusanya ekzosi zilizobadilishwa, huzipanga barabarani na kuzipondaponda kwa roli ya kushindilia lami. Kifungu cha 190(2) cha sheria ya magari, baada ya marekebisho ya 2019, kinaruhusu faini ya hadi rupia 10,000 kwa kosa la kwanza, kifungo cha hadi miezi mitatu, au vyote viwili. Roli ina kitu kimoja ambacho faini haina: ile ekzosi hairudi kwenye pikipiki jioni ileile. Ila kuponda bila kupima kunamuumiza pia aliyenunua spea isiyo ya kiwandani lakini tulivu, kwa sababu ya kwake ilitoboka kwa kutu. Ningependa ekzosi ishikiliwe kama kielelezo baada ya kipimo kuandikwa, ipondwe baada ya kosa kuthibitishwa.

Kamera za sauti zinatajwa sana siku hizi. Ufaransa, shirika la Bruitparif limetengeneza kifaa chenye maikrofoni nne kinachoonyesha kelele inatoka upande gani wa picha, na New York wanatumia kamera zinazowashwa na sauti. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Pikipiki mbili zikipita sambamba, au namba ya usajili ikiwa imekunjwa chini ya kiti, kifaa kinabaki na sauti isiyo na mwenyewe. Kwa mji ambao bado hauna hata kalibreta moja, hiyo si hatua ya kwanza.

Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, zenye mipaka ya maeneo: kwa makazi, nje ya nyumba, desibeli 50 mchana na 35 usiku. Mipaka ya aina hiyo inafaa kwa baa, kanisa au karakana, kitu kinachokaa mahali pamoja. Pikipiki inapita kwa sekunde nne na kutokomea. Huwezi kuishika kwa kipimo cha eneo. Inahitaji kipimo chake, kwenye mdomo wa ekzosi.

Na hatuna U.1 kwenye kadi za pikipiki zetu. Hilo halinitishi, kwa sababu bodaboda nyingi za mji mmoja ni za aina chache tu, kutoka India na China. Halmashauri inaweza kuchukua pikipiki mpya tano za kila aina kwa wauzaji, kuzipima kwa utaratibu wa kanuni ya 41, kuchukua wastani, kuongeza desibeli 5 za uvumilivu kwa uchakavu na makosa ya kifaa, na kuchapisha jedwali hilo kama nyongeza ya sheria ndogo. Karatasi moja ya A4 inatosha. Askari anaibeba, mafundi wanaibandika ukutani, na vyama vya waendesha bodaboda wanaigawa vijiweni.

Mafundi ndio watakaobeba sehemu kubwa ya utekelezaji, kwa hiyo wajue nini hasa kinachopandisha namba. Cha kwanza na cha bei ndogo ni gasketi kati ya kichwa cha injini na bomba. Ikiungua, hewa inaingia na moshi unatoka hapo, unasikia mlio wa tik-tik bila resi na kupasuka ukiachia. Inabadilishwa kwa dakika chache, na nati zikazwe kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, ili flanji isikae upande. Cha pili ni kutu ya ndani. Safari fupi fupi haziipi ekzosi joto la kukausha maji yanayotokana na kuungua kwa petroli, yanatuama chini na kula sahani za vyumba vya ndani. Ekzosi kwa nje inaonekana nzima, ukiitikisa inacheza kama ina kokoto. Kuchomelea nje hakusaidii hapo, inabadilishwa. Cha tatu ni kutoboa au kukata kwa makusudi. Anayefanya hivyo anaamini anaongeza nguvu. Kwenye injini ndogo ya kabureta, kufungua ekzosi bila kubadilisha jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, kunafanya mchanganyiko uwe na hewa nyingi mno, injini inapata joto, na nguvu ya chini ambayo bodaboda inaihitaji mlimani inapungua. Kwa ekzosi zenye pamba ya kioo ndani, pamba hiyo huungua kadiri muda unavyokwenda na inafaa kujazwa upya.

Na wale wanaosema mlio mkubwa unaokoa maisha watazame utafiti wa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliotolewa 1981. Takriban robo tatu ya ajali alizochunguza zilikuwa za kugongana na chombo kingine, na katika theluthi mbili ya hizo ni dereva wa chombo kingine aliyeingia njia ya pikipiki. Hatari nyingi zilitokea mbele. Mdomo wa ekzosi unaelekea nyuma.

Fomu ya askari basi iwe na haya: aina ya pikipiki na namba ya usajili, mahali na saa, namba ya kifaa na tarehe ya cheti chake, kalibreta kabla na baada, kelele ya mazingira, mizunguko iliyotumika, vipimo vitatu, na sahihi ya mwendeshaji akikiri kuuona upimaji, si kukiri kosa. Kwa kosa la kwanza ningeanza na notisi ya matengenezo: siku 14, pikipiki irudi kupimwa na kifaa kilekile, kwa mizunguko ileile. Namba ikishuka ndani ya jedwali, faini inafutwa. Isiposhuka, fomu zote mbili zinapelekwa mahakamani zikiwa zimebanwa pamoja.